Ingobyi Haishushwi Njiani

Harufu iliyonipokea mlangoni ilikuwa ya katani, katani iliyokwanguliwa ikaanikwa na kusukwa kabla haijakauka sawasawa. Nyuma yake ikaja harufu ya pili, ya moshi wa jikoni. Nilisimama pale pale kizingitini, na watu waliokuwa wakinifuata wakaniomba radhi wakapita.

Ukumbi wenyewe ni ghala la zamani karibu na ziwa, sasa limepakwa chokaa na kuwekewa taa. Siku hiyo lilikuwa na maonyesho ya vijana wetu wa Gisenyi: kazi za nyuzi, na picha za zile chaki laini za rangi wanazoziita pasteli. Sitaki kujisifu mbele yenu. Sikwenda kwa kupenda sanaa. Mvua ilinikuta nikirudi nyumbani Mbugangari kutoka duka la dawa, na mlango ulikuwa wazi.

Nilizunguka taratibu, kwa sababu mguu wangu wa kushoto haujui mwendo mwingine. Palikuwa na mapazia ya katani iliyotiwa rangi ya kutu, na vikapu vilivyofumuliwa nusu vikaachwa nyuzi zikining'inia kama nywele. Vijana walivitazama wakainamisha vichwa na kusema "ah bon", ile "kumbe" ya Kifaransa. Kisha nikafika ukuta wa mwisho, na harufu ya moshi ikampata mwenyewe. Ukutani, imefungwa kwa kamba kama picha, ilining'inia ingobyi.

Waliozaliwa zama za gari la wagonjwa huenda hawaijui. Ingobyi ni kikapu kirefu, kirefu kama mtu mzima aliyelala, chenye kingo za kumzuia asidondoke. Husukwa kwa vipande vya mwanzi na kufungwa kwa kamba za katani juu ya miti miwili mirefu. Wanaume wanne huitia mabegani, wawili mbele na wawili nyuma, na mgonjwa husafiri juu yao kama mfalme mwenye homa. Kwenye milima isiyokuwa na barabara, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya hospitali. Ikishasukwa hutundikwa juu ya meko ili wadudu wasiile, ndiyo maana hunuka moshi hata ikiwa mpya.

Niliinyoshea mkono nikaigusa.

"Mzee, usiguse pale, tafazali," sauti ya msichana ilisema nyuma yangu. "Ile ni ya kuangalia tu."

"Samahani, mwanangu," nikasema, nikauficha mkono mfukoni. Lakini mkono ulikuwa umeshakumbuka.

Nilizaliwa Bugeshi, juu kule chini ya volkano, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia nyumbani bila kubisha na viazi huwa na baridi mkononi kama mawe ya mtoni. Baba yangu alikuwa msusi wa ingobyi. Vikapu vidogo ni kazi ya wanawake, lakini ingobyi ilikuwa kazi ya wanaume, na katika kilima chetu ilikuwa kazi ya baba. Mianzi aliifuata mwenyewe msituni. Aliipasua kwa kisu, akailainisha kwa maji ya moto, na alipokuwa akisuka hakutaka kusemeshwa. Mama alikuwa akisema kwamba baba akisuka unaweza kumwibia mbuzi, naye akakusaidia kumfunga kamba.

Kilima kizima kilikuwa na ingobyi moja, mali ya chama. Kila nyumba ilitoa mwanamume wa kubeba. Asiyefika zamu yake alilipa mtungi wa pombe ya mtama, na aliyezoea kutofika aliachwa siku yake ilipowadia, akabeba mgonjwa wake mgongoni. Mkuu wa wabebaji aliitwa Kabera, mzee mwenye shingo fupi kana kwamba miti ile ilikuwa imeisukuma ndani.

Chama kilikuwa na sheria zake. Mwenye mgonjwa hakubeba. Baba, mume au kaka alitembea nyuma akichukua blanketi na chakula, kwa sababu, walisema, bega la mtu anayelia huyumba. Sheria nyingine ilikuwa kubwa kuliko zote: ingobyi ikishamwinua mgonjwa haishushwi njiani. Hairudishwi, haipewi mwingine, mpaka mgonjwa afikishwe alikokuwa akipelekwa. Mabega hubadilishana huku inakwenda. Sisi watoto tulielezana sababu yake vizuri sana. Tulisema mgonjwa akishushwa, ugonjwa unaruka chini na kukaa kando ya njia, ukimngoja wa kwanza atakayepita. Tulikuwa na mahali petu kwenye njia ya malisho ambapo hatukupita bila kukimbia, na hakuna mkubwa aliyewahi kutusahihisha.

Nakiri pia kwamba tuliwaonea wivu wagonjwa. Mtu mzima aliyekuwa akifukuza mbuzi juzi, leo anapita juu ya vichwa vya watu, kafunikwa shuka safi, na kila anayekutana naye anakaa kando na kumpa pole. Nilitamani kupanda. Mungu alinisikia upesi kuliko nilivyotaka.

Nilikuwa nikitembea juu ya ukuta wa mawe meusi uliozunguka shamba letu, nikiwaonyesha wenzangu kwamba ninaweza kufanya hivyo nimefumba macho. Nilianguka upande wa bondeni. Nilisikia mlio kabla ya maumivu, mlio kama wa baba akivunja mwanzi kwenye goti. Mfupa wa chini ya goti ulikuwa umekwenda upande wake, na mguu ukavimba mpaka ngozi ikang'aa. Mganga wa mifupa alikuja, akaushika, akatikisa kichwa. Akasema wanipeleke Gisenyi kwa madaktari, la sivyo mguu utaoza.

Wabebaji walifika alfajiri. Walikuwa wanasema Kinyarwanda, bila shaka. Nayaandika maneno yao kwa Kiswahili kama yanavyonijia.

"Huyu ndiye mgonjwa?" Kabera aliuliza akichungulia. "Nilidhani ni mtu. Kumbe tunabeba kifaranga."

"Subiri mpaka mteremkoni, ndipo utajua kifaranga amekula viazi vingapi," mwingine akajibu.

"Akinikojolea begani nitamtupa Kongo."

Walicheka, nami nikacheka katikati ya machozi. Wanne waliingiza mabega chini ya miti. Wa akiba walitangulia na mapanga ili kusafisha njia, kwa kuwa mvua ilikuwa imeangusha matawi, na wakaahidi kutungoja tambarare chini ya eneo la mawe. Baba alikaa nyuma na blanketi na mfuko wa viazi vya kuchemsha.

Nililazwa kichwa kikiwa mbele, kwa hiyo niliwaona uso kwa uso wale wawili wa nyuma. Wa kushoto alikuwa Ntamuhanga, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Alikuwa kijana mrefu, asiye na maneno mengi, mwenye tabia ya kuwasalimu hata watoto kwa mikono miwili. Mke wake, Venansia, alikuwa na tumbo kubwa siku zile, na mama alikuwa amemwambia Ntamuhanga abaki nyumbani. Alijibu kwamba ni zamu yake, na kwamba amemwacha mkewe akimenya viazi na kumkaripia, maana yake ni mzima.

Safari ilianza kwa raha. Naona aibu kuandika neno hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwanzi ulilia chini yangu kwa kila hatua, sauti nyembamba kama ya ndege wadogo. Ukungu ulipita kwenye matundu ya ule ususi wa baba na kuniachia umande kwenye vidole. Watu waliokuwa wakienda mashambani walisimama kando na kunipa pole, nami niliwapokea kwa uso wa mgonjwa mkubwa. Maumivu yalikuwapo, lakini yalikuwa na watazamaji.

Kisha tukaingia kwenye mawe. Pale volkano ilimwaga moto zamani, na moto ukaganda mweusi, wenye meno. Njia ni nyembamba na inashuka kwa ghafla. Wabebaji hawawezi kubadilishana bega humo huku wakitembea, na akikosekana mmoja, ingobyi inapinduka. Tulikuwa katikati ya eneo hilo niliposikia sauti kutoka juu.

"Ntamuhanga! Ntamuhanga we!"

"Nani huyo anayelia kama kuku aliyekanyagwa?" Kabera aliuliza bila kugeuka.

Alikuwa mdogo wake Venansia, msichana aliyenizidi miaka michache tu. Alitufikia akiwa amepoteza kitambaa cha kichwani, magoti yakitoka damu kwa kuanguka. Alishika mti wa ingobyi ili asianguke tena, nami nikamwona usoni kwa karibu sana.

"Amezaa," alisema. "Mtoto yuko hai, ni wa kike. Lakini damu haikatiki. Mama amesema mlete ingobyi. Amesema mlete sasa hivi."

Wanaume wale hawakuwa watu wa kunyamaza. Njia nzima walikuwa wakitaniana kuhusu wake zao, ng'ombe zao, miguu yao. Sasa nilisikia pumzi zao tu, na maji yakidondoka kwenye majani. Baba alikuwa amesimama nyuma na mfuko wake wa viazi.

"Ntamuhanga," Kabera akasema mwishowe, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa anayo. "Sema wewe. Utakalosema ndilo tutakalofanya."

Sikuelewa kwa nini anaulizwa yeye. Mkuu alikuwa Kabera, na mgonjwa alikuwa wa baba yangu. Lakini wote walingoja neno la Ntamuhanga, wakitazama chini. Yeye hakunitazama. Alitazama ukingo wa kikapu, pale mwanzi ulipopindwa na kurudishwa ndani, kana kwamba anahesabu jinsi ulivyosukwa.

"Haishushwi," akasema.

"Shemeji, hukunisikia? Nimesema damu…"

"Nimekusikia. Rudi. Waambie wafunge mkeka kwenye miti, wamtie humo, waanze njia. Wasiningoje. Nikifika tambarare napokewa, nakuja."

"Na wewe unabeba nini hapo? Mguu! Ni mguu tu!"

"Rudi, mdogo wangu. Kimbia."

Alirudi akikimbia na kulia kwa sauti, na sisi tukaendelea kushuka.

Ndipo ingobyi ilipoanza kutetemeka. Ilianza kidogo, kama mti unaopitiwa na upepo, halafu ikazidi, na mtetemo wote ulitoka upande wa kushoto nyuma. Kila ulipofika mguuni mwangu niliona nyota. Nilivumilia kwa muda, kisha nikapandwa na hasira, hasira ya mtoto aliyekuwa mfalme tangu asubuhi.

"Huyu wa nyuma anatikisa!" nikapiga kelele. "Baba! Mwambie aache! Hajui kubeba huyu, mguu unaniuma!"

Aliyejibu alikuwa Ntamuhanga mwenyewe.

"Nisamehe, mwana," alisema. "Natulia."

Na akatulia. Sijui alifanyaje. Niliona mishipa ya shingo yake ikisimama kama kamba, na meno yake yakiuma mdomo wa chini, na mti ukawa kimya kabisa begani mwake mpaka mwisho wa mawe. Mimi niliridhika. Nililala nikitazama ukungu, nikiwaza kwamba nimemfundisha mtu mzima kazi.

Tambarare wa akiba walikuwa wakitungoja. Mmoja aliingiza bega lake mahali pa Ntamuhanga huku tunakwenda. Ntamuhanga alitoka chini ya mti, akapita kando ya baba bila kumtazama, akaanza kukimbia kupanda. Nilimsikia akiteleza kwenye mawe. Kabera aliamuru twende, tukaenda, na mpaka tulipoliona ziwa hakuna aliyefanya mzaha tena.

Mguu wangu ulifungwa na madaktari, ukapona kwa kujipinda. Habari za Venansia nilizipata kitandani. Walikuwa wamemtia kwenye mkeka kama walivyoambiwa, wakaanza njia. Ntamuhanga alikutana nao wakishuka naye akipanda. Waliposimama ili amwone, alikuwa amekwisha kufa. Wabebaji wenyewe walikuwa hawajui. Walimgeuza wakarudi naye nyumbani.

Nililia kidogo, kwa kuwa mama alilia, kisha nikaomba chai. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Kwa sababu ya mguu sikurudishwa Bugeshi. Shangazi aliyekuwa akiuza vitambaa Mbugangari alinichukua, akasema mtoto asiyeweza kupanda milima asomeshwe. Nikasoma. Nikafika sekondari, jambo ambalo hakuna mtu wa kilima chetu aliyekuwa amelifanya, kisha nikapata kazi ya karani kwenye ghala la kahawa, viatu, nyumba, mke na watoto. Vyote hivyo vilianzia kwenye ile ingobyi. Nilivipokea kama haki yangu.

Baba aliacha kusuka mwaka huo huo. Alisema ni macho. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumwangalia, na mchana mmoja, bila kuulizwa, akasema, "Ningeshika mti ule mimi." Nikamwuliza mti gani. "Nilikuwa na mabega mawili mazima. Ningeingia mahali pake, yeye akimbie tangu pale kwenye mawe. Huenda angemkuta anazungumza. Sheria ilisema mwenye mgonjwa habebi, nami nikashika mfuko wa viazi. Viazi!" Akageukia ukuta. Nilimwambia asijisumbue, kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi mjini.

Ntamuhanga mwenyewe nilikuwa nikikutana naye sokoni alipoleta viazi. Hakuoa tena. Kila mara aliniamkia kwa mikono miwili, na kila mara aliuliza jambo lile lile: "Mguu unaendeleaje?" Hakuniuliza kazi wala watoto. Mimi nilikuwa nimevaa tai, nachechemea mbele za watu, na swali hilo lilinikera. Nilidhani ananikumbusha kilema changu. Baadaye nikawa nikimwona kwa mbali napitia upande wa pili wa maduka. Alipokufa nilituma mchango kwa mkono wa mtu, sikwenda.

Yote haya yalinipitia nikiwa nimesimama pale ukumbini mbele ya ukuta, mvua ikipiga mabati. Ndipo nikaiona picha iliyokuwa kando ya ingobyi.

Ilikuwa ya pasteli, kubwa kama meza. Milima ya Bugeshi ilikuwa mle kweli, na ukungu ule, umepakwa kwa kidole mpaka ukawa kama unatembea. Wanaume wanne walikuwa wakiondoka na ingobyi, na ndani yake zilionekana soli za viatu, viatu vizuri vya ngozi. Mbele kabisa, karibu na mtazamaji, mwanamke alikuwa amewekwa chini kwenye majani kando ya njia. Alikuwa amejifunika kitambaa, mkono mmoja umeinuka nusu kuelekea wale wanaokwenda. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Nilikasirika. Nilimtafuta yule msichana aliyenikataza kugusa, nikamwita.

"Nani amechora hii?"

"Ni mimi, mzee. Solange."

"Umekosea. Ingobyi haishushwi njiani. Mimi ni mtu wa kule, najua. Hakuna mgonjwa aliyewekwa chini namna hii."

Hakukasirika. Alifuta vidole vyake vyenye unga wa rangi kwenye suruali.

"Aliwekwa, mzee. Ilikuwa zamani, mbele ya ile sheria kuwekwa. Huyu ni mama ya babu yangu. Walikuwa wanamupeleka hospitali. Kulikuwa mugonjwa mwingine, mutu mukubwa, watu yake wakakuja mbio njiani, wakasema: tupe ingobyi. Donc, wakamushusha. Wakamuambia angoje, watarudia." Alinyoosha kidole kwenye mkono wa yule mwanamke. "Walimukuta asubui. Babu alikuwa mutoto, ni yeye alimukuta."

"Babu yako ni nani?" niliuliza.

"Ntamuhanga. Alipokuwa kijana akaenda kwa wazee wa chama, akawaambia hatabeba hata siku moja kama hawataapa. Ingobyi isishushwe tena kwa sababu ya mutu yeyote. Wakamuuliza, hata kama ni ya kwako? Akasema hata kama ni ya kwangu." Aliinua macho kwenye ingobyi. "Na ikakuwa ya kwake. Bibi alikufa siku mama yangu alizaliwa, na babu iko njiani anabeba mutoto wa watu. Hakumushusha."

"Na mtoto huyo?"

"Hatumujui. Babu alisemaka tu alipona. Ile aliipenda kusema: yule mutoto alipona, anatembea."

Kulikuwa na benchi. Nilikaa bila kuombwa. Kwa hiyo ndiyo sababu Kabera alimwachia yeye neno. Wote pale kwenye mawe walijua, isipokuwa mimi niliyelala juu yao. Hapakuwa na ugonjwa wowote uliongoja kando ya njia. Palikuwa na mama wa mtu, na mahali pale tulipopita tukikimbia na kucheka, huenda ndipo alipowekwa.

"Ni mimi," nikamwambia Solange.

Hakuelewa mara moja. Nikavuta suruali kidogo, nikamwonyesha mfupa uliopinda. Aliutazama kwa muda mrefu, kama wanavyotazama wachoraji, kisha akakaa kando yangu.

"Mana we," akasema polepole, akimwita Mungu. Halafu akanishika mkono wa koti. "Mzee, ulikuwa pale. Babu alisema nini? Mama anaulizaka hii maisha yake yote. Babu hakusemaka kitu juu ya ile njia. Wengine wote walishakufa. Alisema nini kisha kusikia bibi anakufa?"

Ningeweza kumtungia maneno. Mtu wa umri wangu anajua maneno yanayofaa: kwamba alimtaja mkewe, kwamba alisali. Mama yake angelala vizuri. Lakini nilikuwa nimemkosea Ntamuhanga mara nyingi mno, sikuweza kumwongezea uongo juu yake.

"Alitetemeka," nikasema. "Alitetemeka sana, mpaka ingobyi ikawa inatikisika. Mimi nilikuwa mtoto, mguu uliniuma. Nikamgombeza. Nikasema hajui kubeba. Naye akaniambia, 'Nisamehe, mwana. Natulia.' Hayo ndiyo maneno yake."

Solange aliachia koti langu. Alitazama picha yake, nami nikatazama sakafu. Watu walipita mbele yetu wakisema "ah bon", na mvua ikaanza kupungua juu ya mabati.

"Ulikuwa mutoto, mzee," alisema mwishowe. "Hukujua."

Alilisema kwa moyo mwema, na ni kweli. Nilikuwa mtoto, na mtoto aliyevunjika mguu hulia. Nilimshukuru nikainuka. Aliniomba nirudi Jumapili, mama yake atashuka kutoka Bugeshi, naye atataka kuyasikia maneno hayo kutoka kinywani mwangu. Nimeahidi kwenda.

Lakini kuna jambo sikumwambia, na mpaka Jumapili lazima nijue kama nitamwambia mama yake. Kwa miaka mingi, nilipokuwa karani mwenye tai na viatu, tulipokaa na wenzangu tukinywa, mimi nilikuwa na kisa changu cha kuchekesha. Kilikuwa kisa cha kupanda ingobyi. Niliinuka mezani, nikajitia mti wa kufikirika begani, nikamwigiza mbebaji mmoja wa kijijini aliyetetemeka magoti kama mbuzi kwenye mvua mpaka mtoto mdogo akamkaripia, naye akaomba msamaha. Watu walicheka wakapiga meza. Waliniomba nirudie, nami nilirudia. Nilijua wakati huo kwamba mke wake alikuwa anakufa. Sehemu hiyo nilikuwa naiacha, kwa sababu iliharibu kisa. Huenda kisa kilimfikia. Gisenyi si mji mkubwa, na wauza viazi huketi kila mahali.

Siku ile kwenye mawe nilikuwa mtoto. Mezani, na chupa mbele yangu, sikuwa mtoto.